Upande wa Mangi kwenye Sinia

Kwenye duka la Mangi mchele haununuliwi kwa macho. Lori likishusha, mteja anachagua gunia mwenyewe, hata la chini kabisa, makuli watamtukana kimoyomoyo lakini watalitoa. Mangi analichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, mchele unatiririka kwenye bakuli. Bakuli linaingia uani kwa bibi yangu, Bi Zena, linarudi likiwa sinia. Wali mtupu na mchuzi wa nazi katikati, basi. Wanaume wananawa, wanakaa kwenye mkeka kati ya magunia, na hakuna anayetia mkono mpaka Mangi aanze. Mwenye mchele ndiye anayeanza. Wanamtazama anavyotafuna. Akila kwa raha wananunua, akikwama hata kidogo wanaulizana kwa macho.

Nyumba ni ya bibi, chumba cha mbele ndiyo duka. Ni nyumba ya Kiswahili ya mwisho pale mtaani kwetu Kariakoo, ghorofa kulia, ghorofa kushoto, jua linafika uani saa sita tu halafu linaondoka. Mangi amepanga hilo duka kwetu tangu mama yangu hajaolewa. Jina lake Onesphory, mtu wa Rombo, ila hapa Mchaga mwenye duka ni Mangi tu, yaani chifu kwa lugha yao, hata awe mwembamba kama yeye. Mrefu, shati la mikono mirefu hata mwezi wa pili, anaongea kidogo. Mimi naye hatujawahi kuongea maneno mengi. Nadhani ndiyo maana nilimwona vizuri.

Kitu ambacho wateja hawakuwahi kukizoea ni kwamba Mangi hali nyama. Wala kuku, wala samaki. Mayai anakula, maziwa anakunywa. Awadhi, mwenye hoteli ya pilau kule mtaa wa Gerezani, mteja mkubwa kuliko wote na mdomo mkubwa kuliko wote, hilo lilikuwa chakula chake cha kila siku.

"Mangi, Krismasi ukishuka stendi kwenu, mbuzi si wanakupokea kwa ngoma?"

"Wananipokea," Mangi akasema. "Wanauliza, Awadhi bado yupo hai?"

Watu wakacheka mpaka wali ukamwagika. Ndivyo ilivyokuwa. Maneno yake machache yote yalikuwa ya kwenye sinia. Akitoka pale anapanda chumbani kwake, ghorofa ya tatu upande wa pili wa barabara, na huko hakuna mtu.

Watu walidhani tumbo lake halipokei nyama. Bibi ndiye alijua. Mke wake, mama Jacqueline, aliumwa figo, akaambiwa aache nyama. Mchaga kuacha nyama si jambo dogo. Mangi mwenyewe alimweleza bibi kwamba kwao mbuzi akichinjwa kila mtu kwenye ukoo ana fungu lake, linajulikana, na ukilikataa ni kama umesema mimi hapa si mahali pangu. Mama Jacqueline akaona aibu kukaa pembeni na sahani ya mboga wakati wenzake wanagawiwa. Basi Mangi naye akaacha. Wakawa wanakaa pembeni wawili. Alisema mgonjwa akila peke yake anakula ugonjwa. Mama Jacqueline alipofariki, ndugu wakamwambia sasa rudi kwenye nyama, kifungo kimekwisha. Hakurudi. Bibi alimuuliza mara moja tu kwa nini, akajibu, "Nikirudi, nitakuwa nimemwacha pale pembeni."

Sasa sukari.

Tuliijua kutokana na sisimizi. Choo cha uani tunatumia sisi na watu wa dukani, na asubuhi moja niliona sisimizi wamejipanga ukutani mpaka ndani, kamstari keusi, wanaenda na kurudi kama wana shughuli. Nikamwita bibi. Alisimama pale muda mrefu, ndoo mkononi. Babu yangu alikufa kwa sukari, naye alianza na sisimizi. Bibi akakaa barazani akaangalia nani anaingia chooni mara nyingi. Ikawa Mangi. Halafu akaona anachechemea. Alikuwa amejikwaa kwenye chuma cha mzani, kidole gumba cha mguu, kidonda kidogo tu, lakini kilikuwa cha tangu kabla ya Ramadhani na bado kibichi.

"Baba Jacqueline, vaa viatu, tunaenda hospitali."

"Bi Zena, lori la Kyela linaingia."

"Litaingia. Wewe utatoka."

Walienda wawili. Aliporudi bibi alinisimulia yote, na bibi akisimulia anaigiza na sauti. Daktari, dada mdogo tu, alimpima akamwambia, baba, mguu huu kama unaupenda, wali basi. Ugali basi. Ndizi, chapati, mihogo, viazi, soda, basi. Mangi akauliza, "Wali kiasi gani naruhusiwa?" Daktari akasema kwa sasa hata tonge usile, mpaka tushushe. Mangi akasema, "Mimi nauza mchele." Daktari akasema, "Uza, baba. Usile." Akamwambia si shida, kuna nyama, kuna kuku, kuna samaki, Feri hapo samaki wamejaa.

"Hivyo sili."

"Kwa dini?"

"Hapana."

"Kwa nini sasa?"

Bibi anasema Mangi akaangalia dirishani kama hajasikia. Daktari akatikisa kichwa, akaanza upya. Mayai. Mchicha, matembele, bamia, kabichi, bilinganya, uyoga. Parachichi. Karanga na korosho kwa kiasi. Mtindi usio na sukari. Maharage kidogo kidogo, asijaze sahani. Akasema, "Baba, wenye sukari nawaondolea wanga, wasiokula nyama wanaishi kwa wanga. Wewe umejifungia milango miwili. Inawezekana, lakini utachoka." Bibi alirudia hilo neno mara mbili. Utachoka.

Tangu siku hiyo bibi akawa anapika vyungu viwili. Cha sinia, na cha Mangi. Alijitahidi sana. Kabichi alikuwa anaikata nyembamba kama nyuzi, anaikausha na kitunguu na bizari mpaka ukiiangalia kwa mbali ungesema wali. Mlenda na mayai ya kuchemsha. Bilinganya la kuchoma, analiponda na ndimu na karanga. Uyoga anaufuata mwenyewe sokoni, anagombana na wauzaji. Anajaza kibakuli, anafunika, anampelekea nyuma ya magunia, kwenye kiti cha plastiki kati ya ukuta na sukari ya viroba. Hapo ndipo Mangi alianza kula mchana.

Nilikuwa namwona kupitia mlango wa uani. Anatafuna polepole. Mboga haiendi haraka kama wali, lazima uitafune. Upande wa pili wa magunia anasikia wenzake wanacheka, naye anatabasamu peke yake kwa kichekesho ambacho hajakiona mwanzo wake. Simu ikiita ni Jacqueline, binti yake, yuko Mwanza.

"Baba umekula?"

"Nimekula mama."

"Daktari alichosema?"

"Hicho hicho."

Basi. Jacqueline hakuuliza na nani.

Jumapili duka linafungwa lakini Mangi akitoka kanisani alikuwa anakuja, anakaa uani kwetu na parachichi lake na kijiko. Anasema amekuja kuangalia panya. Hakuna aliyemuuliza panya wangapi.

Kumwambia mtu kwamba ana sukari alikataa. Bibi alimsihi. Alisema, "Bi Zena, wewe huwajui hawa. Wakishajua mwenye duka mgonjwa, kila mmoja atakuja kuniaga." Kwa hiyo kila lori lilipoingia alikaa kwenye sinia pale mwanzo, kama kawaida, akanawa, akaanza yeye. Anakata tonge, analipeleka mdomoni, anatafuna, anasema "naam". Halafu anainuka, anajifanya kaitwa na kuli nje, anaenda kula kabichi yake nyuma.

Ila hilo tonge hakulimeza. Alikuwa na mkono mwepesi. Tonge linaenda mpaka mdomoni, linarudi kiganjani, linashuka pembeni ya goti, na hapo chini palikuwa na paka. Paka wa dukani, wa rangi ya majivu, kazi yake panya. Mimi niliona siku ya kwanza. Bibi aliona siku ya pili, akaninyamazisha kwa jicho. Tatizo paka naye akajua. Lori likilia tu honi kule barabarani, yeye huyo, anakaa pembeni ya goti la Mangi kabla hata wali haujaiva.

Awadhi aliona siku ya mchele wa Shinyanga.

"Hebu ngojeni," akasema, mkono wake umeshaingia kwenye wali. Akautoa. "Mangi. Fungua kiganja."

"Cha nini?"

"Fungua tu."

Mangi hakufungua. Paka akajibu badala yake, akaruka akalamba vidole. Kijana mmoja wa hoteli nyingine akainama akamtazama paka usoni kama anamsubiri aanguke.

"Kumbe paka ndiye muonjaji," Awadhi akasema. Hakuwa anacheka. "Sisi tunakufuata wewe, wewe unamfuata paka."

"Awadhi, mchele mzuri."

"Mzuri, mbona huumezi?"

Hapo ndipo angesema. Akasema, "Leo nimeshakula." Ni jibu baya kuliko yote aliyoweza kutoa, maana muuza mchele hashibi siku ya lori.

Kariakoo maneno hayatembei, yanapanda bodaboda. Kufika jioni mtaa wa pili wanasema Mangi anachanganya mchele wa zamani na wa sasa, anaupaka mafuta ung'ae. Kesho yake wanasema una dawa ya wadudu. Keshokutwa niliulizwa na muuza vitunguu, eti ni kweli paka wenu kafa? Paka alikuwa amelala juu ya mzani, mnene, anajiramba.

Lori la Ifakara lilipoingia walikuja watu watatu kwenye sinia. Lililofuata akaja mmoja, mgeni kutoka Mafia ambaye hakujua kitu, akala, akanunua, akaondoka na boti yake. Mangi alinawa akamkaribisha vizuri mno, akamuuliza habari za watoto wake wote. Sinia likarudi uani limejaa. Bibi akaukausha ule wali juani, tukawapa kuku wa jirani kwa wiki nzima.

Sasa nyuma ya magunia palikuwa kimya kama mbele. Hapakuwa tena na kichekesho cha kusikiliza. Siku hizo Mangi alikuwa anarudisha kibakuli nusu. Bibi akasema, "Kidonda kinapona, baba Jacqueline. Daktari kasema. Kula basi." Akasema, "Kinapona ndiyo." Alisema kama mtu anayepewa taarifa za mtu mwingine.

Kisha likaja lori la Mbarali. Mchele wa kwanza wa mavuno, punje ndefu, harufu inafika mpaka kwa mafundi simu wa mtaa wa pili. Awadhi alikuwa na harusi za kupikia, zimemjaa, na mchele kama ule hakuwa ameupata kwingine. Akaja. Wengine walipomwona anaingia nao wakaja, lakini wakasimama mlangoni. Akachagua gunia la chini kabisa. Bambo likaingia, mchele ukamwagika, bibi akapika. Alipolileta sinia nikamsaidia upande mmoja.

Wakakaa. Paka akakaa. Awadhi akamchukua paka kwa ngozi ya shingo, akanikabidhi mimi.

"Mshike huyo bosi." Halafu akamgeukia Mangi. "Ndugu yangu, mimi nawe tumetoka mbali. Sitaki maneno. Anza. Nikuone unameza. Ukimeza nachukua lori zima, usipomeza naondoka na hawa wote, na mkeka huu sitaukalia tena."

Mangi akanawa. Akanawa tena. Bibi alikuwa kizingitini, kanga mdomoni, na mimi nilijua anachowaza maana nilikiwaza pia. Tonge moja haliui. Angemeza, lori lingeondoka, watu wangerudi. Ila lori lijalo wangemtaka tena, na lijalo, na kile kidole ndiyo kwanza kinafunga.

Akakata tonge. Alilizungusha vidoleni muda mrefu, likawa duara zuri, kama la mtu anayemlisha mtoto. Akaliinua. Likapita mdomo wake. Akanyoosha mkono kuvuka sinia, akalipeleka mpaka kwenye midomo ya Awadhi.

Kwetu sisi tonge ukilishwa hulikatai. Analishwa bibi harusi, analishwa mgeni wa heshima. Awadhi akashtuka, lakini mdomo ukafunguka wenyewe, na akala.

"Nimezee," Mangi akasema. "Mimi nina sukari. Nikila huu wananikata mguu." Akavua kiatu hapo hapo, akaonyesha kidole. "Nyama sili, wali sili, ugali sili. Nakula kabichi nyuma ya magunia. Nilikuwa nawadanganya, tonge nampa paka, ili nikae na nyie."

Awadhi alikuwa bado anatafuna. Alimeza kwa shida. Macho yakamlowa, akasingizia pilipili, na mchuzi wa bibi hauna pilipili.

"Sasa we Mangi, ungesema! Mama yangu ana sukari. Shemeji ana sukari. Nusu ya Dar ina sukari!"

"Nilidhani mtakuja kuniaga."

"Tukuage uende wapi? Hata peponi hawakutaki, hawana kabichi."

Wakacheka, wale wa mlangoni wakaingia, wakakaa. Kila mtu akawa daktari. Mmoja mlonge, mmoja majani ya mstafeli, mmoja mdalasini asubuhi kabla hujapiga mswaki. Bibi akawaambia wanyamaze, wale, mtu ana dawa zake za hospitali. Kwa furaha akakimbilia jikoni akaleta kile kibakuli cha Mangi, kabichi na mayai na bilinganya la karanga, akakiweka juu ya sinia, mbele yake, ale na wenzake.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe hata yeye hakuliona. Kitu kikishawekwa kwenye sinia ni cha wote. Watu walidhani ni kitoweo. Mikono ikaingia, tonge la wali, kidogo cha bilinganya, tonge la wali, kidogo cha yai. "Mashallah Bi Zena, hiki nini?" Kibakuli kikaisha. Mangi alipata yai nusu. Alikuwa anawatazama wanavyokula chakula chake, anatabasamu.

Walipomaliza, kila mtu alikuwa amekula upande wake mpaka bati linaonekana. Kwenye sinia hugusi upande wa mwenzako, ndiyo adabu. Kwa hiyo upande wa Mangi ulibaki. Wali wake umesimama peke yake kama ukuta wa nyumba iliyobomolewa, mweupe, una mvuke bado. Awadhi akauona.

Lori zima likaondoka siku ile.

Lililofuata, bibi alitandaza wali akaacha pengo. Mbele ya mahali pa Mangi bati lilikuwa tupu, ukubwa wa kibakuli, na kibakuli akakiweka hapo hapo. Akatangaza kwa sauti, "Hiki cha mgonjwa, atakayegusa namkata mkono."

"Bi Zena, sinia lako limeng'oka jino," Awadhi akasema. Kisha akaanza yeye, kwa niaba. Siku hizi ndiye anayeanza. Anatafuna, wanamtazama yeye, wananunua.

Mangi anakaa penye pengo. Wanamrushia maneno, anarusha. Ila wali unaliwa haraka. Wao wanamaliza, wananawa, wanatoka kugombana na makuli nje, na yeye bado yuko kwenye mchicha. Anabaki pale na sinia tupu zima, kibakuli kwenye pengo lake. Juzi nilimwona akakata kipande cha yai, akakishusha pembeni ya goti bila kuangalia. Paka hakuwepo. Alikuwa ameshawafuata wenye mikono ya wali.

"Baba Jacqueline, maliza, nataka sinia langu," bibi akaita kutoka uani.

"Namalizia, Bi Zena."

Bibi huwa anakula amesimama, jikoni, dakika mbili. Siku ile alipakua sahani yake, akaja akakaa kizingitini, ameligeuzia duka mgongo nusu. Akaanza kula, polepole, tonge moja, halafu anasubiri Mangi atafune.

"Mimi wali siuachi," akasema bila kugeuka. "Usinitazame."

"Sikutazami."

Mangi akavuta kibakuli karibu, akaendelea kutafuna.